Kabla ya Kulipia Kadi ya Grafiki, Fungua Kwanza Kompyuta Yako

Kama una ile kompyuta ndogo ya mezani ya ex-UK, iliyotoka ofisi fulani huko Uingereza ikaishia kwenye duka la Luthuli au Moi Avenue, na sasa imesimama kando ya skrini yako kama kitabu kinene, basi leo naongea na wewe. Ni mashine nzuri. Haili stima nyingi, haipigi kelele, na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Shida huja siku ile unapokaa kuhariri video ya mteja wako wa kwanza, au kijana wa nyumbani anapotaka kucheza EA FC, na kila kitu kinaanza kuganda. Ukiuliza, jibu ni lile lile kila mahali: "Weka tu kadi ya grafiki, boss."

Ushauri huo si uongo. Shida yake ni kwamba unakufanya uanze na swali la mwisho. Watu wanauliza "kadi gani ni kali na bei yake ni ngapi," wanatuma pesa, halafu ndio wanafungua kompyuta kuona kama kadi itaingia. Na pesa ya simu haina subira. Ukishabonyeza PIN, sekunde chache tu imefika kwa muuzaji. Kadi isipoingia, unabaki na kipande cha chuma mkononi na ujumbe wa kuthibitisha malipo kwenye simu.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wauzaji hawatayapenda: kadi ya grafiki iwe kitu cha mwisho kabisa kulipia. Na kwa wengi wenye zile kompyuta ndogo kupindukia, kadi ya kuunganishwa kwa nje isilipiwe hata kidogo.

Je, ni kadi unayohitaji kweli?

Kabla ya kusema chochote kuhusu sokoni, fanya kitu kisicho na gharama. Fungua programu inayokusumbua, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows itatokea Task Manager. Angalia ni nini kimefika asilimia 100 wakati kompyuta inaganda. Kama ni memori, kadi haitakusaidia. Kama ni diski, kadi haitakusaidia. Mashine nyingi za ex-UK huuzwa zikiwa na memori ya 4GB au 8GB, na nyingine bado zina ile diski ya zamani inayozunguka. Ukiweka kadi kwenye mashine kama hiyo, umemnunulia punda tandiko jipya na bado ana njaa.

Jirani yangu anahariri video za harusi. Alikuwa tayari ameweka kando pesa za kadi. Tulipoangalia, memori ilikuwa imejaa pomoni na diski ilikuwa ya kuzunguka. Akanunua SSD na kipande kingine cha memori, akabakisha zaidi ya nusu ya pesa zake, na kazi inaenda. Kadi anaitaka bado, lakini sasa haitaki kwa kuchanganyikiwa.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Prosesa nyingi za Intel zilizo ndani ya mashine hizi zina grafiki za ndani, na ndani ya grafiki hizo kuna sehemu maalum ya kusoma na kutoa video, inaitwa Quick Sync. Programu kubwa za kuhariri zinaweza kuitumia. Kwa video fupi za TikTok au matangazo ya biashara yako, mara nyingi hiyo inatosha ukishapanga memori na diski. Kwa gemu pia si zote zinazohitaji kadi. Valorant ilitengenezwa iweze kuwaka hata kwenye grafiki za ndani za Intel za miaka mingi iliyopita. EA Sports FC 24 ndiyo inayodai zaidi: kiwango cha chini kabisa walichoandika ni GTX 1050 Ti. DaVinci Resolve nayo inaegemea sana kadi, hasa ukianza kuchezea rangi. Kwa hiyo kuna watu wanaohitaji kadi kweli. Kama wewe ni mmoja wao, tuendelee.

Jua mwili wa mashine yako

Watu husema "nina HP" au "nina Dell" wakidhani hiyo inatosha. Haitoshi. Modeli moja inaweza kuwa na miili mitatu. Kuna tower, lile kasha refu linalosimama. Kuna SFF, kasha dogo linaloweza kulala chini ya skrini. Halafu kuna ile ndogo kabisa, inayotosha kubebwa kwa mkono mmoja: HP huiita Mini, Dell huiita Micro, Lenovo huiita Tiny. EliteDesk 800 inapatikana kwa miili hii yote. OptiPlex vilevile.

Ukiwa na tower, uko vizuri, ingawa bado utaangalia umeme. Ukiwa na SFF, ndani kuna sloti ya kadi, ila kadi lazima iwe fupi kwa kimo, ile inayoitwa low profile. Bodi yake ina kimo cha karibu sentimita 7, wakati kadi ya kawaida ni karibu 11. Hakuna ujanja hapo, kifuniko hakitafunga. Ukiwa na Mini, Micro au Tiny, kwa kawaida hakuna sloti ya kadi kabisa. Zipo chache zinazokubali, kwa mfano Lenovo M720q na M920q, lakini hata hizo zinahitaji kipande maalum cha kuunganishia, na si kila muuzaji anakitoa pamoja na mashine.

Kwa hiyo chukua bisibisi. Zima, chomoa waya wa stima, fungua. Piga picha tatu: sloti ndefu ya kadi, nafasi iliyo kando yake, na lebo ya pawa saplai. Hizo picha tatu zina thamani kuliko video kumi za YouTube. Angalia hasa nafasi iliyo kando ya sloti, kwa sababu kwenye baadhi ya SFF sloti ndefu imebanwa karibu sana na pawa saplai. Kadi nene, ya feni kubwa, inayochukua nafasi ya sloti mbili, haitaingia hata ikiwa ni low profile. GTX 1650 nyingi za low profile ni nene hivyo.

Watt ndizo zinazoamua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, nami nitakaa hapa kidogo.

Sloti ya kadi inaruhusiwa kutoa watt 75, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wa ziada kutoka kwa pawa saplai, wenye pini sita au nane. Pawa saplai za SFF nyingi ni za watt 180 hadi 240, na waya huo hazina. Si kwamba umefichwa mahali; haukuwekwa. Kompyuta ilitengenezewa karani wa benki, si mtu wa gemu.

Sasa angalia sokoni. Tangu Septemba 2022, Ethereum ilipoacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za grafiki, kadi zilizokuwa kwenye mashamba ya kuchimba zilimwagika sokoni duniani kote. Moja utakayoonyeshwa mara kwa mara ni RX 580 ya 8GB. Kwa bei yake inavutia sana. Lakini hiyo ni kadi ya watt 185, ni ndefu, ni nene na ina tundu la pini nane. Kwenye SFF haina nafasi, haina umeme, haina maisha. Muuzaji atakuambia kuna adapta ya kutoa umeme kwenye waya wa diski. Ipo, ni kweli. Waya wa diski haukutengenezwa kubeba mzigo huo, na nyaya hizo zimewahi kuyeyuka. Mtu akikupa adapta hiyo kama suluhisho la RX 580, rudisha simu mfukoni.

Kwa SFF, orodha ya kadi zenye maana ni fupi, jambo ambalo mimi naliona ni baraka. GTX 1650 ya low profile, 4GB, ni ya watt 75 na bado ni chaguo zuri kwa gemu za kawaida, mradi unene wake unakubaliwa na kasha lako. Ikikataa, tafuta Nvidia T600 au T1000. Hizi zilitengenezewa wachoraji na wahandisi, ni nyembamba, sloti moja tu, na T1000 ya watt 50 ni ndugu wa damu wa GTX 1650. Mwaka 2024 ilitoka RTX 3050 ya 6GB, watt 70, na ina matoleo ya low profile. Hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi, na bei yake inajua hivyo.

Kuna mbili za kuogopa, si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu zinauzwa kwa mtu asiyefaa. GT 1030 ni rahisi na inaingia karibu popote, watt 30 tu. Lakini haina ile sehemu ya kutoa video kwa kasi. Mhariri akiinunua atakuta video yake inatoka kwa mwendo ule ule, au hata polepole zaidi kama mashine imezima grafiki za ndani baada ya kadi kuwekwa. Tena kuna GT 1030 mbili zenye jina moja, ya memori ya GDDR5 na ya DDR4, na ya DDR4 iko nyuma mno. Soma sanduku. Ya pili ni RX 6400. Ni kadi mpya kiasi, ya 2022, nyembamba na ya watt 53, na kwa gemu kwenye kompyuta mpya haina ubaya. Ila inatumia njia nne tu za kupitisha data. Kwenye mashine za ex-UK zenye sloti ya kizazi cha tatu, njia hizo nne zinabeba nusu ya kile zilichopangiwa, na kasi inashuka. Nayo pia haina sehemu ya kutoa video. Mtu wa harusi asiiguse.

Jambo la mwisho kuhusu kadi zenyewe. Mwaka 2025 Nvidia ilitangaza kwamba kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, wakiwemo GTX 750 Ti, GT 1030 na 1050 Ti, hazitapata tena draiva mpya za kawaida baada ya Oktoba 2025, isipokuwa marekebisho ya usalama hadi 2028. Kadi haifi siku hiyo. Lakini ukiona 1050 Ti na 1650 zimepishana elfu moja au mbili, chukua 1650 bila kujiuliza.

Ile kadi ya nje sasa

Wenye Mini na Micro wamenisubiri hapa. Hamna sloti, na mtandaoni mmeona kadi kubwa ikikaa mezani ndani ya sanduku lake, imeunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja. Inapendeza. Je, inawezekana? Ndiyo, kwa masharti ambayo mashine nyingi za ex-UK hazitimizi.

Sanduku la aina hiyo linahitaji tundu la Thunderbolt. Lina umbo lile lile la USB-C, na hapo ndipo watu hudanganyika: USB-C bila Thunderbolt haitawasha kadi. Tafuta alama ya radi kando ya tundu, halafu uhakikishe kwenye maelezo ya modeli yako, maana alama peke yake isikutoshe. Micro na Mini nyingi za miaka ile hazina. Hata ukiwa nayo, Thunderbolt 3 inapitisha data ya kadi kwa njia nne, kama gigabaiti 4 kwa sekunde, wakati sloti kamili ya kizazi cha tatu inapitisha karibu 16. Kadi kubwa itafanya kazi kama lori kwenye barabara ya bodaboda.

Wenye Mac mini nao wasikilize. Ile ya Intel ya 2018 inakubali kadi ya nje, lakini ni za AMD tu kwa upande wa macOS. Kuanzia ile ya M1 ya 2020 hadi sasa, sanduku la kadi ya nje halina kazi hapo, hata lingekuwa la bei gani. Ukiona mtu anauza sanduku na kusema linafaa "Mac zote", huyo ama hajui ama anajua sana.

Tupige hesabu. Sanduku la Razer Core X lilipotoka mwaka 2018 liliuzwa dola 299 huko Marekani. Kwa kima cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni karibu 38,900, na ni tupu. Hakuna kadi ndani. Bado hujasafirisha, hujalipa VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mzigo, na bado hujanunua kadi yenyewe. Kwa pesa hizo unaweza kuuza Micro yako, ukaongeza, ukapata tower ya ex-UK yenye sloti kamili na nafasi ya kupumua. Utakosa ule umaridadi wa waya mmoja. Utapata kompyuta.

Njia ya pili ni ya watu wa bisibisi. Unachomoa SSD kwenye tundu lake la M.2, unaweka adapta inayotoa waya hadi kwa kadi nje, na unaipa kadi pawa saplai yake kubwa kando. Inafanya kazi. Nimeona ikifanya kazi. Lakini SSD yako inahitaji mahali pengine pa kukaa, kifuniko cha kompyuta hakifungi, meza inajaa nyaya, na kadi inakaa wazi kwenye vumbi. Kwa mwanafunzi wa uhandisi anayependa kuchokora, sawa kabisa. Kwa mtu mwenye mteja anayesubiri video Ijumaa, hapana.

Kuna vitu viwili vya bei ndogo ambavyo huuzwa kwa jina la "kadi ya nje" na si kadi. Cha kwanza ni kile kipande cha USB chenye tundu la HDMI. Hicho kinakuongezea skrini ya pili, basi. Gemu haitaongezeka hata kidogo. Cha pili ni adapta za wachimbaji wa sarafu, zenye waya wa buluu unaofanana kabisa na wa USB. Watu huchomeka upande wa pili kwenye tundu la USB la kompyuta wakitegemea miujiza. Waya huo umeazima umbo la USB tu. Lazima ule upande mwingine uingie kwenye sloti ya kadi, ambayo ndiyo huna.

Sasa ndio tulipe

Umejua mwili, umejua watt, umechagua kadi. Bado simu ikae mfukoni kidogo.

Nimesomea masoko, kwa hiyo hili nalisema kama mtu wa jikoni. "Imebaki moja." "Kuna mtu yuko njiani kuichukua." "Boss, tuma kidogo tu nikuwekee." Maneno haya kazi yake ni moja: kukufanya ulipe kabla hujamaliza kufikiri. Mara nyingine ni kweli imebaki moja. Haijalishi. Kadi za ex-UK na za mitumba zinaendelea kuja, na nyingine itafika. Malipo ya awali kwa mtu usiyemjua, kwa kadi ambayo hujaiona ikiwaka, mimi nasema usitume. Si nusu, si mia tano ya "kushikilia".

Na tuseme wazi jambo ambalo wateja wengi huchanganya. Ombi la kurudishiwa pesa limetengenezewa mtu aliyetuma kwa namba isiyo sahihi. Halikutengenezewa mtu aliyetuma kwa namba sahihi kabisa akapata kadi isiyoingia. Wewe na muuzaji mlikubaliana, pesa ilikwenda ulikokusudia. Kwa mfumo, hakuna kosa. Na mpokeaji akishatoa pesa kwa wakala, hata kesi ya wazi inakuwa ngumu. Kwa hiyo usalama wako hauko kwenye kitufe cha kurudisha. Uko kabla ya PIN.

Jina linapotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha, lisome. Duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu binafsi asiyehusiana nalo? Uliza. Lipa kwa till ya duka badala ya namba ya mfanyakazi, hata akikwambia "ni sawa tu, dada, mimi ndio nasimamia hapa." Malipo ya till yanabaki na jina la biashara kwenye rekodi yako, na siku ya kurudisha kadi hutabishana kama ulinunua hapo au la.

Kuna kitu kingine cha bure kinachokupa nguvu kubwa: kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji kwa WhatsApp modeli kamili ya mashine yako na kazi unayotaka. "Nina OptiPlex 7050 SFF, pawa saplai watt 180, nataka kadi ya kuhariri video, je, hii inafaa?" Asubiriwe ajibu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hiyo kazi anayoinunulia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kazi hiyo. Kifungu cha 46 cha Katiba nacho kinakupa haki ya bidhaa za ubora unaofaa na maelezo ya kutosha. Haki hizi hazijitetei zenyewe, ni kweli. Lakini mazungumzo yakiwa na tarehe, jina la modeli na jibu la "inafaa kabisa", muuzaji anayejali jina lake hubadilisha kadi bila kelele nyingi.

Nunua dukani, kadi ikiwaka mbele yako. Kadi bandia zipo, na si za jana. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na Windows inaziamini. Programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z, tangu 2018, inaweza kutambua nyingi za aina hiyo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ibebe kwenye flashi. Kisha mwombe fundi aendeshe gemu au jaribio lolote zito kwa dakika 15 hivi, wewe ukiangalia feni na skrini. Michirizi, vidoti vya rangi au skrini kuzima, toka. Muuzaji akikataa jaribio, amekujibu.

Na mkopo? Swali hili huja kila mara kwa sababu mkopo uko pale pale kwenye simu, mibonyezo mitatu. Kadi ya gemu usikopee. Sitalainisha hilo. Tuseme umekopa 20,000 za siku 30 na gharama yote ni 1,600. Ukichelewa mwezi, gharama inaongezeka, na kadi ya mitumba siku hiyo hiyo inashuka bei. Kwa kazi ni hadithi nyingine kidogo. Kama mteja ameshalipa sehemu ya kazi na kadi ndiyo inayokuzuia kuimaliza, hesabu inaweza kukubali. Kama kazi ni "nitapata tu wateja nikiwa na kadi", basi weka akiba kwanza, hata ile ya kujifungia kwa simu ambayo huwezi kuigusa hadi tarehe uliyoweka. Wakati unasubiri, bei za mitumba huwa haziendi juu sana.

Acha nafasi kwenye bajeti ya vitu vidogo vinavyokuja nyuma ya kadi. T600 na T1000 zina matundu ya mini DisplayPort, si HDMI, kwa hiyo utahitaji adapta. Skrini yako ikiwa ni ile ya VGA pekee, kadi za kisasa hazitoi VGA, na utahitaji kigeuzi cha kweli, si waya wa bei rahisi. Na kadi ya low profile inapaswa kuja na kibati kifupi cha nyuma. Wauzaji wengi hukipoteza na kukupa kadi ikiwa na kibati kirefu, ambacho hakiingii kwenye SFF. Kidai kikiwa mezani, kabla ya PIN.

Halafu risiti. Ujumbe wa simu unaonyesha umelipa nani na kiasi gani, lakini hausemi ulinunua nini. Omba risiti ya duka iandikwe jina kamili la kadi, namba ya seri iliyo kwenye kibandiko, na siku ngapi unaweza kuirudisha. Piga picha ya kibandiko hicho pia, kwa sababu siku ukirudi nayo, swali la kwanza kutoka upande wa pili wa kaunta litakuwa: una uhakika hii ndiyo tuliyokuuzia?